Afya ya Nyuki na Wachavushaji Kando ya Ziwa Victoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wakulima wa pamba na tikiti wa Magu na Misungwi, wafugaji nyuki wa Sengerema na Ukerewe, na watu wa mjini Mwanza wanaoamka asubuhi na kukuta kundi limetua kwenye mwembe wa jirani. Majibu yamelenga nyuki wa kwetu, mvua za kwetu na mazao ya kwetu. Mengi yanayosambaa kuhusu afya ya nyuki yaliandikwa kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya na Marekani, na anayeyafuata yalivyo anaweza kutia dawa kwenye mzinga ambao haukuwa na ugonjwa wowote.

Ni kweli nyuki wanatoweka duniani?

Inategemea ni nyuki yupi. Nyuki wa asali anayefugwa hatoweki; ukihesabu dunia nzima, mizinga ya leo ni mingi kuliko ya miaka ya 1960. Hofu kubwa ilianzia Marekani mwishoni mwa 2006, wafugaji walipofungua mizinga na kukuta malkia yupo, majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye masega, yapo, asali ipo, lakini nyuki vibarua hawaonekani, hata mizoga yao. Haikupatikana sababu moja. Watafiti walitaja kupe wa varoa, virusi, viuatilifu na lishe duni, vyote vikifanya kazi pamoja.

Walio hatarini zaidi ni wale wasio na mtu wa kuwahesabu: nyuki wa porini wanaochimba vishimo ardhini, wanaotoboa vijiti vikavu, vipepeo, nondo. Hao hakuna anayewatundikia mzinga. Msitu ukifyekwa na ukingo wa shamba ukichomwa, wanakwisha bila mtu yeyote kupata hasara anayoweza kuionyesha kwenye daftari.

Na ule usemi unaosambazwa kwa jina la Albert Einstein, kwamba nyuki wakiisha binadamu atabakiwa na miaka minne, haumo katika andiko wala hotuba yake yoyote inayojulikana. Hoja ya nyuki ni nzito bila huo msaada.

Basi wakikosekana, tutakufa njaa?

Ugali utakuwepo. Mahindi huchavushwa kwa upepo, mtama na mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, muhogo tunapanda kipande cha shina, viazi vitamu tunapanda marando, na ndizi tunazokula hazina haja ya chavua. Kanda ya Ziwa haitakosa cha kujaza tumbo.

Kitakachopungua ni matunda, mboga, mafuta ya kula na fedha. Ripoti ya jopo la kimataifa la bayoanuwai ya mwaka 2016 ilisema zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama wachavushaji kwa kiasi fulani, na kwamba mazao hayo ni asilimia 35 ya chakula chote kinachovunwa. Nambari hizi mbili huchanganywa mara nyingi, ndiyo maana utasikia mtu akisema robo tatu ya chakula chote kinatoka kwa nyuki. Si hivyo. Lakini ukiangalia sahani ya mtoto, ile sehemu yenye vitamini ndiyo hasa inayotoka kwa wachavushaji.

Mazao gani ya huku yanawahitaji zaidi?

Anza na tikiti maji, maboga na matango. Mimea hii ina maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na chavua yake ni nzito na yenye kunata, upepo hauibebi. Nenda kwenye boga lako saa moja asubuhi. Ua la kiume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. La kike liko chini, na nyuma yake tayari kuna kiboga kidogo cha ukubwa wa kidole gumba. Ikifika saa tano ua limeshajifunga, halifunguki tena kesho yake. Kama asubuhi ile nyuki hakupita kutoka kwa la kiume kwenda kwa la kike, kile kiboga kitageuka njano na kudondoka. Wakulima wengi husema ni ugonjwa, wanakimbilia duka la pembejeo, wanapulizia, na nyuki wachache waliobaki wanakufa.

Tikiti lililochavushwa nusu haliangushwi, linakua limepinda: upande mmoja umejaa, mwingine umesinyaa. Ua moja la tikiti linahitaji kutembelewa mara nyingi siku ileile ili mbegu zote zipate chavua, na pale mbegu zilipokosa, nyama ya tunda haijai. Ukiona matikiti yaliyopinda yamekuwa mengi shambani, tazama kwanza kama nyuki wanafika, kabla ya kulaumu mbegu au mbolea.

Alizeti, parachichi, machungwa ya Ukerewe, pilipili: yote hupata nafuu kwa viwango tofauti. Kahawa ya robusta ya Kagera haiwezi kujichavusha yenyewe. Inahitaji chavua ya mti mwingine, kwa upepo au kwa wadudu. Arabika inajiweza, ingawa nayo huzaa vizuri zaidi nyuki wakiwepo.

Na nyanya? Sijawahi kuona nyuki wa asali kwenye nyanya.

Umeona sawasawa. Ua la nyanya huficha chavua ndani ya kitu kama kijimrija, na haitoki mpaka litikiswe. Nyuki wa asali hajui kulitikisa. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba na nguzo za uzio: analikumbatia ua, anatetemesha misuli ya mabawa, chavua inamwagika. Upepo nao husaidia. Yeye huyo ndiye mchavushaji mkuu wa pasheni. Watu humuua kwa sababu ya boriti zao. Ukiweza, mwachie gogo kavu pembeni ya shamba atoboe huko.

Wachavushaji wengine ni akina nani?

Wengi kuliko tunavyowapa heshima. Maembe huchavushwa kwa kiasi kikubwa na inzi, pamoja na nyuki wadogo. Papai hutembelewa jioni na nondo wenye mdomo mrefu. Mbuyu na mwegea hufungua maua usiku, na popo ndio wanaokuja. Ndege chozi wanafyonza maua marefu mekundu ambayo nyuki hayamvutii, maana macho ya nyuki hayaoni wekundu, ingawa yanaona mwanga wa urujuanimno tusiouona sisi.

Kwa nini vanila ya Bukoba inachavushwa kwa mkono?

Kwa sababu asili yake ni Mexico na nchi jirani, na wadudu wanaoijua walibaki kule. Mmea ulihamishwa, mchavushaji hakuhamishwa. Kwa miaka mingi vanila iliyopandwa nje ya Amerika ilitoa maua bila matunda, mpaka mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond Albius alipoonyesha namna ya kuinua kile kiwambo ndani ya ua kwa kijiti na kusukuma chavua kwa kidole gumba. Mama wa Kagera anayepita kwenye vanila yake asubuhi, ua moja baada ya jingine, anatumia njia ileile. Kila ua huchanua siku moja tu, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kila siku mpaka msimu uishe. Anayetaka kujua thamani ya kazi ya nyuki anayoifanya bure amuulize yeye.

Nyuki wa kwetu ni tofauti na wa Ulaya?

Jamii ni moja, lakini wa kwetu wana tabia zao. Ni wadogo kidogo, wanazaana haraka, wanagawanyika mara nyingi, wanahama upesi mambo yakiharibika, na wanalinda mzinga kwa ukali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na kutoka Tanganyika ili kupata nyuki wanaofaa nchi ya joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa huko, na uzao wao ukasambaa hadi kusini mwa Marekani. Kule waliogopwa sana. Ila jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba nyuki hao wanahimili magonjwa kuliko wale waliowakuta.

Je, kupe wa varoa wamefika Tanzania?

Wamefika. Waliripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2009. Varoa ni mdudu bapa, mwekundu wa kahawia, mwenye upana wa milimita moja na nusu hivi, anayeng'ang'ania mwili wa nyuki na kuzaliana ndani ya vyumba vya majana vilivyofunikwa. Anapenda zaidi majana ya madume, kwa kuwa dume hukaa muda mrefu chumbani: siku 24 tangu yai mpaka kutoka, wakati kibarua hutumia siku 21 au pungufu, na malkia 16. Ubaya wake mkubwa ni virusi anavyoviambukiza. Ukiona nyuki wachanga wenye mabawa yaliyokunjamana wanatambaa chini ya mzinga, mshuku yeye.

Kumpima ni rahisi. Chukua nyuki wa kujaza nusu kikombe kutoka kwenye sega la majana, hakikisha malkia hayumo, watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, mwagia sukari laini ya unga, zungusha taratibu, acha dakika moja, kisha kung'uta juu ya sahani nyeupe. Kupe wataanguka pamoja na sukari. Nyuki warudishe mzingani. Watalambana na kusafishana.

Sasa hili ndilo la kushika: usitie dawa. Ulaya na Marekani mzinga usiotibiwa mara nyingi hufa baada ya miaka michache. Huku makundi mengi yanaishi na varoa bila dawa, kwa sababu nyuki wetu husafishana, hutupa majana yaliyoathirika, na kwa kuhama na kugawanyika hukatiza uzazi wa kupe. Dawa inawalinda nyuki dhaifu waendelee kuzaa dhaifu wenzao, inafuga kupe sugu, na mabaki yake huingia kwenye nta. Kinga tuliyo nayo bure ni mali kubwa, na ningesikitika sana kuiona ikipotea kwa chupa ya dawa iliyoletwa na mgeni mwenye nia njema.

Vijidudu vyeusi vinavyokimbia ndani ya mzinga ni hatari?

Ni mende wadogo wa mizinga. Asili yao ni hapa Afrika kusini mwa Sahara, na nyuki wetu wanawafahamu tangu zamani: huwabana kwenye pembe na kuwazungushia gundi ya nyuki mpaka wafungwe. Walipofika Marekani miaka ya 1990 walileta hasara kubwa kwa sababu nyuki wa kule hawakuwazoea. Kwetu huwa tatizo kundi likidhoofika, au ukiacha masega yaliyorinwa kwenye ndoo siku kadhaa. Mabuu yao huifanya asali ichachuke na kutoa povu.

Nondo wa nta ni hivyohivyo. Ukikuta nyuzi kama za buibui na vinyesi vyeusi kwenye sega, kundi lilikuwa limeshadhoofika kabla nondo hajaingia. Tafuta kilichowadhoofisha. Masega matupu usiyaweke stoo yenye giza. Yayeyushe uuze nta.

Siafu wamemaliza mzinga wangu usiku mmoja. Nizuie vipi?

Tundika kwa waya, upake grisi kwenye waya huo, na katisha matawi na majani marefu yanayogusa mzinga, maana siafu hutumia daraja lolote. Mizinga iliyo kwenye stendi, simamisha miguu yake ndani ya makopo yenye oili chafu, ukifunika makopo ili nyuki wasizame na mvua isijaze maji. Nyegere ni habari nyingine: huyo anapanda na ana nguvu, hivyo mzinga uning'inie mbali na shina, au ufungwe imara pande zote.

Majana yananuka. Ni ugonjwa gani?

Kuna magonjwa kadhaa ya kuoza kwa majana, yanayoletwa na bakteria. Chukua njiti ya kiberiti, choma kwenye chumba kilichobonyea au kilichotoboka kifuniko, vuta polepole. Kikitoka kitu cha kahawia kinachovutika kama uzi wa sentimita mbili au zaidi, chukulia ni ule uozo mbaya zaidi, ambao vimelea vyake huishi kwenye masega na mbao kwa miongo. Funga mzinga huo kwa matumizi yoyote: usihamishe sega, usiuze mzinga, usitumie kisu kilekile kwenye mwingine, na mwite afisa nyuki wa wilaya. Kwa sababu hiyohiyo usiwalishe nyuki wako asali ya kununua, kwani vimelea husafiri ndani ya asali bila kumdhuru anayeila.

Kwa hiyo kinachoua nyuki wengi zaidi huku ni nini, kama si magonjwa?

Bomba la kupulizia, moto, na njaa ya maua. Kwa uzito nayaweka kwa mpangilio huo. Mfugaji anaweza kuwa hodari kuliko wote kijijini, lakini nyuki wake huruka kilomita mbili hadi tatu kutafuta chakula, na wakibanwa huenda mbali zaidi. Ndani ya duara hilo kuna mashamba ya watu wengi ambao hawana mzinga hata mmoja. Wao ndio wanaoamua kama nyuki watarudi jioni. Ndiyo maana jibu la swali linalofuata ni refu.

Nalima pamba. Nitapuliziaje bila kuua nyuki?

Kwanza elewa kwamba nyuki wapo kwenye pamba yako hata kabla haijatoa ua. Geuza jani la pamba uangalie mshipa wa katikati kwa chini: kuna kijitundu kidogo kinachotoa mbochi, yaani yale maji matamu. Vingine viko kwenye majani yanayokizunguka kitumba. Kwa hiyo anayesema "bado haijachanua, nyuki hawapo" anakosea. Pamba hujichavusha kwa sehemu kubwa, lakini nyuki wakipita vitumba hujaa vizuri zaidi, hivyo kuwaua ni kujipunguzia mzigo mizani.

Kagua kabla ya kupulizia. Zungukia shamba, fungua vitumba, tazama funza, geuza majani utazame chawajani na vidukari. Wataalamu wa ugani wanazo hesabu za wadudu wangapi ndio hasara, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru pale Misungwi kimeshughulikia pamba ya ukanda huu kwa miongo mingi. Tumia mafunzo yao. Kupulizia kwa kalenda, kwa vile jirani kapulizia, ni kumwaga fedha, na kunaua pia buibui na mbawakavu wanaokula wadudu wa pamba bila malipo.

Ukishaona lazima upulizie, fanya jua linapozama, nyuki wakisharudi. Dawa nyingi za maji zikikauka usiku hupungua makali kwa nyuki wa asubuhi, ingawa si zote. Asubuhi saa tatu ndio wakati mbaya kuliko wote, na ndio wakati ambao wengi hupulizia. Huku kwetu upepo nao una ratiba: mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Simama uuangalie kabla ya kuanza, usije ukapeleka dawa kwenye mizinga ya jirani au bustani ya mboga.

Epuka dawa za vumbi maua yakiwepo. Vumbi hushika manyoya ya nyuki pamoja na chavua, naye huliweka ghalani kama chakula cha watoto. Kundi linaweza kufa wiki kadhaa baadaye. Zile dawa zinazoingia ndani ya mmea na kupanda mpaka kwenye chavua na mbochi, kama zenye imidaklopridi, kulothianidini au thayametoksamu, hazizuiliki kwa kupulizia jioni, kwa kuwa sumu iko ndani ya ua lenyewe. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku hizo tatu kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Soma kiambato kwenye lebo, si jina la biashara tu. Na ile rangi ya ukanda chini ya lebo, nyekundu, njano, bluu au kijani, inaeleza hatari kwa binadamu. Kijani hakimaanishi salama kwa nyuki.

Mwambie mfugaji nyuki jirani siku moja kabla. Na bomba lisioshwe ziwani wala mtoni. Baadhi ya dawa za pamba, hasa jamii ya pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki, hata zikiwa kidogo sana.

Nitajuaje kuwa nyuki wamekufa kwa sumu?

Mizoga mingi kwa siku moja mbele ya mlango, na ukiwatazama kwa karibu, ulimi umetoka nje. Wengine huzunguka chini wakitetemeka au kushindwa kuruka, na wenzao mlangoni huwakataa. Kundi lenye njaa huwa tofauti: hufa vichwa vikiwa ndani ya vyumba vitupu.

Nyuki wangu wamehama. Nilikosea nini?

Pengine ulirina mpaka tone la mwisho. Hilo ndilo kosa la kawaida. Baada ya masika masega hujaa, mtu anakata yote, na kiangazi kinapokolea kundi halina akiba. Acha walau sega kadhaa za asali, na kamwe usikate sega la majana. Sababu nyingine ni jua kali juu ya mzinga, sisimizi, moshi mwingi na kukosa maji. Nyuki hutunza majana kwenye nyuzijoto 34 hadi 35, na siku za joto huchota maji na kuyapepea ili kupooza nyumba. Walio mbali na ziwa wawekewe beseni kivulini lenye mawe au vijiti vya kukanyaga, wasizame, na maji yabadilishwe.

Ikibidi kuwanusuru na njaa, changanya sukari nyeupe na maji kwa uzito sawa, uweke ndani ya mzinga wakati wa jioni. Ni msaada wa dharura, si chakula cha kudumu.

Nipande nini?

Mlonge, mkwaju, mparachichi, mwembe, mchungwa, mgunga. Muhimu ni kuwa na kitu kinachochanua kila baada ya miezi michache, na hasa mwisho wa kiangazi. Lakini kabla ya kupanda chochote, acha. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho msimu wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, na ndani yake migunga na vichaka hupata nafasi ya kurudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulijenga juu ya desturi hiyo na kurudisha miti kwenye maeneo makubwa yaliyokuwa yamekuwa uwanda mtupu. Ngitili ni manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, nzuri kuliko bustani yoyote ya kupanda. Kwenye shamba dogo, ukingo wa mita mbili usiolimwa wala kuchomwa unatosha kuwahifadhi nyuki wa ardhini.

Naishi mjini. Naweza kufuga?

Nyuki wa asali, hapana, labda uwe na eneo kubwa mbali na watu. Mimi hushauri mita 300 kutoka nyumba, njia na mifugo. Mbuzi au ng'ombe aliyefungwa kamba karibu na mizinga hana pa kukimbilia.

Nyuki wadogo wasiouma, ndiyo. Wamejaa Mwanza bila watu kujua: kwenye nyufa za kuta, mashimo ya miti, mipasuko ya miamba. Utawatambua kwa kijimrija chembamba cha nta kinachotokeza nje, vijinyuki vyeusi kama vinzi vikiingia na kutoka. Asali yao ni kidogo, nyepesi, yenye uchachu, na bei yake ni ya juu kuliko ya kawaida. Kisanduku kidogo cha mbao chini ya upenu kinawatosha. Mnapobomoa ukuta wenye kundi lao, kata kipande chenye kiota mkihamishe kizima.

Kundi limetua kwenye mti nyumbani. Nifanye nini?

Kaa mbali, ingiza watoto ndani, funga mifugo mbali. Kundi linalosafiri limeshiba asali na halina majana ya kulinda, hivyo huwa pole kuliko lililo mzingani, na mara nyingi huondoka baada ya siku moja au chache. Msirushe mawe, msiwashe matairi, msimwage petroli. Likiingia darini au ukutani, wasiliana na afisa nyuki wa wilaya au mfugaji mwenye mavazi ya kinga. Wakianza kushambulia watu, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nikiumwa?

Kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, ukifunika uso. Usijitose majini, watakusubiri juu. Mwiba unaobaki mwilini hutoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, nayo huwaita wengine, kwa hiyo uparue haraka kwa ukucha. Uvimbe wa sehemu iliyoumwa ni wa kawaida. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, vipele vikienea mwili mzima, au mtu akizimia, ni hospitali mara hiyo, bila kusubiri dawa za nyumbani. Vivyo hivyo kwa aliyeumwa na nyuki wengi, hata kama anajisikia nafuu.

Asali iliyoganda ni feki?

Hapana. Asali halisi huganda, mapema au baadaye, kulingana na maua. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, italainika. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote, kwa sababu ya vimelea vya botulizimu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia.

Nyuki wa kijiji kizima wamekufa kwa pamoja. Niende wapi?

Kwa afisa nyuki na afisa kilimo wa halmashauri, wote wawili, siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka, piga picha za milango ya mizinga, andika tarehe, saa, mashamba yaliyopuliziwa karibuni na jina la dawa kama unalijua. Okota mizoga mibichi, viganja kadhaa, iweke kwenye bahasha ya karatasi, kisha kwenye friza. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye joto utaiozesha kabla haijapimwa. Masuala ya viuatilifu nchini yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na halmashauri ndiyo itakayokuunganisha nao. Masega ya mizinga hiyo usiyale wala kuyauza mpaka upewe majibu.